Ivermektini, nitazoksanidi au niklosamidi: dawa ya vimelea inawezaje kupambana na virusi?

Aliyesoma kwamba ivermektini ilifyeka virusi vya corona maabarani kwa siku 2 hakudanganywa. Aliyesoma kwamba ivermektini haikuwasaidia wagonjwa wa corona naye hakudanganywa. Habari zote mbili ni za kweli, na anayezishika zote kwa pamoja huishia njia panda: dawa hizi za vimelea zina nguvu dhidi ya virusi au hazina? Na kama zinayo, ipi ya kuitegemea, ipi ya kuitafiti, ipi ya kuiacha?

Hapa nazipambanisha tatu ambazo zimetajwa mara nyingi kuliko nyingine: ivermektini, nitazoksanidi na niklosamidi. Ya nne, klorokwini, naileta pembeni kama shahidi, kwa kuwa kesi yake imeshasikilizwa na hukumu imeshatoka. Niseme mapema: hakuna hata moja kati ya hizi tatu ambayo FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, imeipa idhini kama dawa ya kirusi chochote. Tunalinganisha matumaini yenye ushahidi wa viwango tofauti, hatulinganishi tiba.

Vigezo kwanza

Swali ambalo wengi huanza nalo ni "je, inaua kirusi?" Kwenye kisahani cha maabara vitu vingi vinaua kirusi, vingine kwa sababu tu vinaiua kwanza seli iliyokibeba. Kwa hiyo mimi nauliza manne.

Dawa inagusa nini hasa, kirusi chenyewe au seli ya mgonjwa? Dozi inayofanya kazi maabarani inaweza kupatikana ndani ya mwili wa mtu, tena pale penye ugonjwa? Watu walipoimeza, wakilinganishwa na waliomeza kidonge kitupu, nini kilitokea? Na bei yake ya madhara ni ipi?

Swali la pili ndilo linalopuuzwa kuliko yote, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Inagusa wapi

Mnyoo ni mnyama. Una misuli, una neva, unakula na kutaga. Kirusi hakina lolote kati ya hayo. Ni kifurushi cha maelekezo ya urithi kilichofungwa kwa protini, kinachoingia kwenye seli yetu na kupikia jiko letu, kuni zetu, vyungu vyetu. Dawa iliyobuniwa kupooza misuli ya mnyoo haina cha kupooza kwenye kirusi. Ikifanya kazi, inapitia mlango mwingine kabisa, na kwa sehemu kubwa mlango huo uko ndani ya seli ya binadamu.

Jambo hili lina uzuri na ubaya wake. Uzuri ni kwamba seli yetu haibadilikibadiliki kama kirusi, hivyo usugu huchelewa, na dawa moja inaweza kuvigusa virusi vya aina nyingi vinavyotumia jiko lilelile. Ubaya ni kwamba jiko lenyewe ni letu. Ukilizima sana, anayelala njaa si kirusi peke yake.

Ivermektini ilitokana na bakteria wa udongo wa Japani aliyepatikana na Satoshi Ōmura wa Taasisi ya Kitasato, na William Campbell wa kampuni ya Merck akaongoza kazi iliyoonyesha nguvu zake kwa vimelea. Mwaka 2015 wawili hao walipata Tuzo ya Nobel pamoja na Tu Youyou wa China, na hakuna aliyeona haya kuitoa: tangu 1987, Merck ilipoanza kuitoa bure kwa ajili ya usubi, dawa hii imewaepusha watu wengi na upofu. Kwa mnyoo, inafungua milango ya kloridi inayoendeshwa na glutameti kwenye neva na misuli. Kloridi inamiminika, seli inazimika, mnyoo unapooza. Binadamu hana milango ya aina hiyo.

Kwa kirusi hadithi ni nyingine. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walionyesha kwamba ivermektini inakwamisha importini, yaani protini zetu zinazofanya kazi ya uchukuzi, zikibeba mizigo kutoka kwenye ute wa seli hadi ndani ya kiini. Virusi vya UKIMWI na vya dengi hutuma baadhi ya protini zao kwenye kiini kwa kuwatumia wachukuzi haohao. Mchukuzi akizuiwa, kirusi kinapungukiwa na vitu kinavyohitaji huko ndani, na king'ora cha kinga cha seli kinapata nafasi ya kulia. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo ulitaja kimeng'enya cha virusi wenyewe, helikesi ya jamii ya homa ya manjano na dengi. Hapo angalau dawa ingekuwa inamgusa mwizi badala ya mwenye nyumba.

Niklosamidi ilianzia kwenye maabara za Bayer miaka ya 1950, ikiwa sumu ya konokono wanaoeneza kichocho, kisha ikawa dawa ya tegu. Utaratibu wake naupenda kwa jinsi ulivyo rahisi. Mitokondria hutengeneza nishati kwa kusukuma protoni upande mmoja wa utando, kama maji yaliyozuiwa nyuma ya bwawa; yakishuka, mtambo unazunguka. Niklosamidi hubeba protoni na kuzivusha kinyemela, bila kupitia kwenye mtambo. Bwawa linavuja, umeme unakatika, tegu anaachia utumbo.

Sasa angalia jinsi kirusi cha mafua makali (influenza) kinavyoingia. Seli hukimeza ndani ya kijifuko, kijifuko kinatiwa asidi, na asidi hiyo ndiyo ufunguo unaokifungulia kirusi kiingie ndani ya seli. Asidi ni protoni. Dawa inayovusha protoni inaiharibu asidi hiyo, na kirusi kinabaki kifungoni. Hili lilionyeshwa kwa mafua na kwa virusi vya mafua ya kawaida vya kundi la rhino. Kwa corona kuna njia ya ziada: mwaka 2021, kundi lililoongozwa na Mauro Giacca wa King's College London lilieleza kwenye jarida la *Nature* kwamba niklosamidi inazuia seli za mapafu zilizoambukizwa zisiyeyukiane na kuwa donge moja lenye viini vingi, kwa kuizima protini yetu iitwayo TMEM16F.

Nitazoksanidi, iliyobuniwa na Jean-François Rossignol, iliidhinishwa Marekani mwaka 2002 kwa kuhara kwa watoto kunakoletwa na vimelea vya giardia na kriptosporidi. Vimelea hivyo vinaishi pasipo hewa na vina kimeng'enya cha kutengeneza nishati ambacho sisi hatuna; dawa inakizima. Mwilini inageuka haraka kuwa tizoksanidi, na hiyo ndiyo inayofanya kazi. Dhidi ya mafua, mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba inavuruga upishi wa hemaglutinini, protini ambayo kirusi hujishikizia nayo kwenye seli. Protini inatengenezwa, lakini haikamilishwi. Inakwama njiani kabla ya kufika kwenye ngozi ya seli, na virusi vipya vinakosa kucha. Inasemekana pia kwamba inaamsha kinga ya asili ya seli, ile ya interferoni.

Kwenye kigezo hiki sina wa kumpendelea. Niklosamidi ina maelezo yanayoshikika vizuri zaidi, nitazoksanidi inagusa hatua ya mwisho ya uzalishaji, ivermektini inagusa uchukuzi. Zote ni hadithi nzuri. Tatizo la hadithi nzuri ni kwamba klorokwini nayo ilikuwa nayo.

Shahidi wa pembeni: klorokwini

Klorokwini inajikusanya kwenye vijifuko vyenye asidi na kuipunguza makali, karibu jambo lilelile nililolieleza kwa niklosamidi. Maabarani, kwenye seli za Vero zinazotokana na figo ya nyani, iliizuia corona vizuri. Halafu mwaka 2020 watafiti wa Ujerumani wakaijaribu kwenye seli za mapafu ya binadamu, na haikufanya kitu. Sababu ni kwamba seli za mapafu zina mkasi uitwao TMPRSS2 unaokifungulia kirusi mlangoni, juu ya ngozi ya seli, hivyo hakina haja ya kupitia kwenye kijifuko chenye asidi. Seli za Vero hazina mkasi huo wa kutosha. Dawa ilikuwa inalinda mlango wa nyuma wakati mgeni anaingilia mbele.

Kwa wagonjwa waliolazwa, jaribio la RECOVERY la Uingereza lilihesabu vifo ndani ya siku 28: asilimia 27 kwa waliopewa haidroksiklorokwini, ndugu wa karibu wa klorokwini, asilimia 25 kwa waliopata huduma ya kawaida. FDA iliyoipa idhini ya dharura Machi 2020 iliifuta Juni mwaka huohuo. Na haikuwa mara ya kwanza: klorokwini ilikwisha kujaribiwa kwa watu dhidi ya dengi nchini Vietnam, dhidi ya chikungunya kisiwani Réunion na dhidi ya mafua Singapore, bila mafanikio.

Kuna jambo jingine lililojitokeza mwaka 2021 ambalo kila anayesoma matokeo ya maabara angepaswa kuwa nalo mfukoni. Dawa nyingi zilizoonekana kuizuia corona kwenye visahani, zikiwa na umbo la kemikali linalofanana na la klorokwini, zilikuwa zinazijaza seli mafuta ya aina ya fosfolipidi. Seli iliyovurugika hivyo haizalishi kirusi vizuri, na mtafiti anashangilia. Ni kama kusifu dawa ya panya kwa sababu nyumba imeungua.

Je, inafika?

Hapa ndipo dawa zetu tatu zinapoachana kabisa.

Jaribio lililoipandisha ivermektini chati lilichapishwa Australia mwaka 2020. Lilitumia mikromola 5, na ndani ya saa 48 chembe za urithi za kirusi zilipungua karibu mara 5,000. Ukiibadilisha mikromola 5 kuwa uzito, unapata takriban nanogramu 4,400 kwa kila mililita. Mtu akimeza dozi ya kawaida ya miligramu 12, kilele kwenye damu yake huwa kati ya nanogramu 30 na 50 hivi. Pengo ni karibu mara mia. Kuna utafiti wa miaka ya nyuma uliowapa watu wenye afya dozi kubwa hadi miligramu 120, mara 10 ya dozi ya kawaida, na hata hapo damu haikukaribia kiwango cha kisahani. Mlo wenye mafuta mengi huongeza ufyonzaji mara 2 na nusu, lakini 2 na nusu haizibi pengo la mia. Isitoshe, sehemu kubwa ya dawa iliyomo kwenye damu imeshikwa na protini, haiko huru kuingia kwenye seli. Mnyoo haujali haya yote, kwa kuwa milango yake ya kloridi inafunguka kwa kiasi kidogo mno cha dawa. Dozi inayotosha kwa mnyoo haikupangwa kwa ajili ya kirusi.

Niklosamidi inaanza kwa matumaini makubwa zaidi. Kwenye uchunguzi wa dawa nyingi uliofanywa Korea Kusini mwaka 2020, ilihitaji mikromola 0.28 tu kupunguza kirusi kwa nusu, yaani chini ya nanogramu 100 kwa mililita. Lakini dawa hii haipendi maji. Haiyeyuki, haifyonzwi ipasavyo, na kinachofyonzwa ini hukishughulikia haraka. Mgonjwa wa tegu hutafuna gramu 2 na karibu zote hubaki tumboni, palepale tegu alipo. Kwa kazi ile, huo ni ustadi. Kwa mapafu, ni balaa. Katika jaribio dogo la saratani ya tezi dume lililochapishwa mwaka 2018, wagonjwa walipomeza miligramu 500 mara 3 kwa siku, vilele vya damu viliyumba kati ya nanogramu 35 na 182 hivi. Wengine walifika, wengine hawakufika. Dozi ilipopandishwa hadi gramu 1 mara 3 kwa siku, tumbo lilikataa: kichefuchefu, kutapika, kuhara, hata uvimbe wa utumbo mpana. Ndiyo maana watafiti wake wamehamia kwenye dawa ya kuvuta kwa pumzi na ya kupuliza puani, ili waifikishe palipo na kirusi bila kupitia tumboni.

Nitazoksanidi ndiyo peke yake ambayo kwa hesabu za juujuu inapita. Mtu mzima akimeza miligramu 500 pamoja na chakula, tizoksanidi kwenye damu hupanda hadi takriban mikrogramu 10 kwa mililita. Kilichohitajika kwenye kisahani dhidi ya corona, kwa uchunguzi wa China wa mwaka 2020, kilikuwa mikromola 2 na kidogo, chini ya mikrogramu 1. Mara 10 zaidi, basi tumeshinda? Subiri. Zaidi ya asilimia 99 ya tizoksanidi hushikwa na protini za damu. Ukitoa iliyoshikwa, iliyo huru ni kidogo sana, na hesabu inarudi kuwa ngumu. Isipokuwa kwa sehemu moja: utumbo. Kwa kirusi kinachoishi kwenye utumbo, dawa hupita mlangoni kwake kabla hata ya kuingia kwenye damu. Kumbuka hilo tukifika kwenye majaribio.

Watu walipoimeza

Nitazoksanidi ina rekodi ndefu na yenye kupanda na kushuka. Mwaka 2006 jarida la *Lancet* lilichapisha jaribio la watoto 38 waliolazwa Cairo kwa kuhara kwa rotavirusi. Waliopewa dawa walipona kwa saa 31 kwa wastani wa kati, waliopewa kidonge kitupu kwa saa 75. Ni tofauti kubwa, kwa kundi dogo, kwa kirusi cha utumboni. Mwaka 2014 likaja jaribio la mafua Marekani lenye watu zaidi ya 600: kwa waliothibitika kuwa na mafua, dozi ya miligramu 600 mara 2 kwa siku ilipunguza dalili kutoka saa 116.7 hadi 95.5. Karibu siku moja. Halafu wagonjwa waliolazwa Mexico kwa maambukizi makali ya njia ya hewa hawakutoka hospitalini mapema zaidi kwa sababu ya dawa hii. Na Brazili, wagonjwa 392 wa corona isiyo kali walionyesha kirusi kupungua zaidi, lakini dalili zao baada ya siku 5 za tiba hazikutofautiana na za wenzao. Kirusi kinapungua, mgonjwa hajisikii tofauti. Matokeo ya aina hiyo humfurahisha mtafiti kuliko mgonjwa.

Ivermektini imepimwa kuliko zote. Jaribio la TOGETHER la Brazili, wagonjwa 1,358: waliohitaji kulazwa au kushikiliwa muda mrefu kwenye huduma ya dharura walikuwa asilimia 14.7 kwa dawa, asilimia 16.3 kwa kidonge kitupu, tofauti ambayo bahati peke yake inaweza kuileta. ACTIV-6 la Marekani, wagonjwa 1,591: kupona kwa siku 12 dhidi ya 13, nayo isiyotosha kuitwa faida. Kwa haki, niliweke na PRINCIPLE la Uingereza, ambako waliopewa ivermektini walisema wamepona kama siku 2 mapema. Ila wote walijua wamepewa nini, hapakuwa na kidonge kitupu, na kulazwa hospitalini hakukupungua. Kwa dengi, jaribio la Thailand lililochapishwa mwaka 2021 liliona protini moja ya kirusi ikitoweka mapema kwenye damu, kiwango cha kirusi chenyewe hakikubadilika, na mgonjwa hakupata nafuu ya kuonekana.

Basi yale majaribio ya mwanzo yaliyoonyesha miujiza yalitoka wapi? Mengine yalikuwa madogo na yasiyopangwa vizuri. Moja la Misri, lililokuwa limebeba uzito mkubwa kwenye hesabu za jumla, liliondolewa Julai 2021 baada ya data zake kutiliwa shaka. Na kuna maelezo ya tatu yanayonivutia zaidi: minyoo. Mgonjwa wa corona mwenye minyoo ya strongiloidi akipewa deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, kinga inashuka na minyoo inaweza kusambaa mwilini hadi kuua. Ivermektini ndiyo dawa ya minyoo hiyo. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2022 uliona kwamba faida ya ivermektini ilijitokeza kwenye majaribio ya sehemu zenye strongiloidi nyingi, na haikuonekana kule zilikokuwa chache. Yaani huenda dawa ilifanya kazi yake ya siku zote, sisi tukaisifu kwa kazi nyingine.

Niklosamidi ina machache ya kusema hapa. Jaribio la Massachusetts lililochapishwa mwaka 2022, watu 73 wenye corona isiyo kali, gramu 2 kwa siku kwa siku 7: muda wa kutoa kirusi haukupungua kwa kiasi cha kuaminika. Kwa kidonge cha kumeza, mtu aliyesoma sehemu iliyotangulia hawezi kushangaa.

Madhara

Kwa dozi zake za vimelea, zote tatu ni dawa pole. Shida huanza mtu anapotaka kuifukuzia dozi ya kisahani.

Ivermektini huzuiwa isiingie kwenye ubongo na pampu maalumu iliyo kwenye kuta za mishipa ya damu. Mbwa wengi wa jamii ya Collie wana hitilafu kwenye jeni ya pampu hiyo, na dozi kubwa huweza kuwaua. Kwa binadamu, dozi ikizidi sana au dawa nyingine ikiizuia pampu, huja kuchanganyikiwa, kuyumba, degedege. Dawa ya ng'ombe na farasi imetengenezwa kwa miili ya mamia ya kilo, na si suala la kugawanya kwa kijiko. Mwenye minyoo ya *Loa loa* kwa wingi kwenye damu anaweza kupata madhara makubwa ya ubongo hata kwa dozi ya kawaida. Watoto chini ya kilo 15 hawapewi bila uangalizi maalumu.

Nitazoksanidi huleta maumivu ya tumbo, kichwa kuuma, kichefuchefu, na mkojo wa rangi ya kijani-manjano unaowatisha wasioambiwa mapema. Kwa kuwa inashikana sana na protini, anayetumia dawa kama wafarini, ya kuzuia damu kuganda, aseme kwanza. Niklosamidi ya tegu karibu haina la kusimulia, kwa sababu ileile inayoifanya isifike kwenye mapafu. Klorokwini ndiyo kali kuliko zote: huvuruga mapigo ya moyo, na kule Manaus, Brazili, kundi la dozi kubwa lilisimamishwa mapema mwaka 2020.

Ipi, kwa nani

Kama wewe ni mgonjwa au unamuuguza mtu na mkononi una vidonge vya minyoo: kwa kirusi, hakuna kati ya hizi ya kuanzia mwenyewe. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mafua makali yana oseltamiviri, corona kwa walio hatarini ina nirmatreviri na ritonaviri, na zote hizo hufanya kazi zikianza mapema, kwa hiyo siku 3 za kujaribu dawa ya minyoo ni siku 3 zilizopotea. Dengi hutaka maji ya kutosha, parasetamoli, na kuepuka aspirini na ibuprofeni.

Kama mtoto anaharisha kwa rotavirusi, uhai wake uko kwenye maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa na zinki. Nitazoksanidi ndiyo pekee kati ya tatu yenye jaribio la kutia moyo kwa hali hii, na mwenye kuiamua ni daktari wake.

Kama una minyoo na pia umeugua kirusi, hasa ukiwa unakaribia kupewa dawa za jamii ya deksamethasoni, ivermektini ina nafasi yake halali: kwa ajili ya minyoo. Mwambie daktari kama umewahi kuishi sehemu yenye strongiloidi, hata kama ni miaka mingi iliyopita. Mnyoo huo hujizalisha upya ndani ya mtu yuleyule kwa miongo.

Kama wewe ni mhudumu wa afya na watu wanakuuliza, ivermektini ndiyo unayopaswa kuijua kwa takwimu, kwa kuwa ndiyo wanayoiulizia. Namba mbili zinatosha kwenye mazungumzo: 4,400 kwenye kisahani, 50 kwenye damu.

Kama ni mwanafunzi unayetafuta mada, inategemea unapenda nini. Anayependa ufundi wa kutengeneza dawa, kuifikisha kwenye mapafu au puani, achukue niklosamidi. Nguvu ipo, njia ndiyo haijapatikana. Anayependa majaribio ya watu na virusi vya utumbo achukue nitazoksanidi, na aanzie pale Cairo, kwa kundi kubwa kuliko watoto 38. Anayependa kujua jinsi sayansi inavyojidanganya na kujisahihisha ana ivermektini na klorokwini, na data za wazi za kutosha kujaza tasnifu. Vyovyote utakavyochagua, fanya jaribio lako la kwanza kwenye seli za binadamu za kiungo kinachougua, pima na seli zenyewe kama bado ziko hai na hazijajaa mafuta, na uandike kiwango cha dawa kilicho huru kwenye damu kabla ya kuandika kichwa cha habari.